Chaki ya Bi Tanuri

Mwanamke huyu hasira zake zilijulikana kiwanda kizima, na kwa taarifa yako, nyingi zilikuwa za haki. Walimwita Bi Tanuri kwa sababu yeye ndiye aliyechoma mabati ya alumini kabla hayajapelekwa kwenye mashine za kukandamiza sufuria. Kazi ya subira, akapewa mtu asiye na subira. Ile kidogo aliyokuwa nayo aliimalizia kwenye mabati. Binadamu wenzake waliambulia ukali.

Alumini ukiichungulia kwa hadubini ni chembe zilizoshikana kama punje za wali. Rola zikilibana bati likiwa baridi, chembe zinalazwa, zinavutwa, zinakaza. Bati linakuwa jembamba lakini kaidi, ukilikunja linapasuka. Lipeleke motoni, chembe mpya zinazaliwa mahali pa zile zilizopondwa, nalo linalegea, linakubali kuwa sufuria. Ukizidisha moto, chembe zinanenepa na sufuria inatoka na ngozi ya chunusi. Fundi wa maabara alimwonyesha hayo zamani. Tangu hapo bati lililochomwa sawasawa aliliita lililoiva, na kila lililoiva alilichora mstari wa chaki. Watu wa mashine hawakuuliza zaidi. Wakiona chaki, wanakandamiza.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ambaye Bi Tanuri mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Asubuhi moja alimjia mbio, oda imechelewa.

"Dada, mabati haya yachore tu kabisa. Nitayaingiza motoni mwenyewe."

Akachora. Ndugu yako akikuomba utamkagua kama mwizi? Kumbe mabati hayakuonja moto. Yalikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya wifi yake, mjane wa kaka yao mkubwa, ambaye watoto wake hawakuwa na wa kuwalisha ila yeye.

Hadi mchana sufuria zilizopasuka zilikuwa rundo. Msimamizi akawakusanya watu, akamsimamisha mjane mbele yao, bila haya wala soni.

"Shemeji, mikono yako imechoka. Kesho usije."

"Nilikandamiza yenye chaki," mjane alisema.

Bi Tanuri akaokota bati moja kwenye yaliyobaki, akalikunja huku na huku. Likakatika. Damu ikampanda kichwani. Angekausha, asiseme neno, kazi yake ilikuwa salama, na mdogo wake alikuwa amemkazia macho akimtaka akaushe.

"Hili halijaiva," akasema. "Nimelichora mimi kabla ya moto, kwa kuwa huyu aliniomba, nami nikawa mjinga. Mwacheni wifi yangu."

Msimamizi akacheka. "Mimi nikuombe uongo? Chaki ni ya nani hapa? Basi kesho usije wewe."

"Nimekufuta kamasi kwa mkono huu," Bi Tanuri alisema, "leo unanifuta kazi. Shenzi kabisa."

Akavua glovu zake, akamtupia miguuni, akashika njia ya getini.

Msimamizi akaiokota chaki, akayachora mwenyewe mabati yaliyobaki, akaamuru kazi iendelee. Mjane akalichukua la kwanza, akalikunja ukingo. Ukapasuka. Akaliweka chini, akaketi, mikono kifuani. Wa mashine ya pili naye akazima, akaketi. Wa tatu hakungoja kuambiwa.

"Shemeji, unanivua nguo mbele za watu," msimamizi akamnong'oneza.

"Mwite dada yako. Akichora yeye, nitakandamiza."

Ikabidi amfuate. Alimkuta getini, bado anamlaani kwa sauti, mlinzi amejifanya kiziwi. Akamwambia arudi, yaishe kifamilia.

"Kifamilia?" Bi Tanuri akamtazama juu mpaka chini. "Wifi yangu ulimfukuza kifamilia?"

Akarudi naye mpaka katikati ya mashine, watu wote wameketi. "Haya, waambie nani alitaka nichore."

"Ni mimi," msimamizi akasema chinichini, macho sakafuni.

Bi Tanuri akamwambia arudie, na safari hii amtazame mjane wa kaka yake.