Mikono Iliyomshika Mtoto wa Mishamo

Niiteni mwongo, nimeshazoea. Lakini aliyebonyeza kitufe ni mimi.

Napiga eksirei hospitalini hapa Mpanda. Mchana ule niliita jina la mtoto mdogo, akaingia naye mama mmoja wa kitenge cha kijani, ana kovu juu ya jicho. Daktari aliagiza picha ya kifua. Mtoto anakohoa, udenda unamtoka, pumzi anaitafuta. Mtoto wa hivyo lazima ashikwe, na anayemshika huvaa aproni nzito ya kuzuia mionzi. Nikampa, akaikataa.

"Una mimba wewe?" nikamfokea. Mdomo ninao, sifichi.

"Mimi hainidhuru, kaka. Ila panda juu kidogo. Piga na shingo."

Yaani anifundishe kazi? Lakini jamani, alivyoomba! Nikapandisha. Akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili, akambembeleza kwa Kirundi: "Hora, mwananje, hora," yaani nyamaza, mwanangu. Mtoto akatulia tuli. Nikapiga.

Picha ikaja. Kooni imekwama betri ndogo ya duara, zile za rimoti. Ingekaa pale ingemtoboa koo. Nikapiga kelele daktari aitwe, kisha nikaitazama tena. Vidole viko wapi? Mifupa ya anayeshika huwa inatokea, niamini, ndiyo kazi yangu. Hapa taya la mtoto lilikuwa peke yake, halijashikwa na kitu. Nikageuka. Mama hayupo. Mtoto ananyoosha mkono hewani.

Baba mtu akaingia mbio. Alitoka Mishamo, kule kwenye makazi ya Warundi, na pikipiki tangu alfajiri, akasinzia kwenye benchi, kuzinduka mapajani hamna mtoto. Nikamwambia kaletwa na mama yake, yule mwenye kovu juu ya jicho. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Mama yake alifariki akimzaa," akasema. "Hakuwahi hata kumshika."

Nililia, mtu mzima mimi.

Betri ilitolewa, na mtoto sasa anakula ugali vizuri tu. Mimi sijapona. Kila picha ya mtoto natafuta vidole kwanza, na mama akiniambia nipande juu kidogo, napanda bila kubisha. Na nyie wenye watoto, hizo betri zifungieni mbali. Msidhani kila mtoto atarudiwa na mama yake.