Maziwa ya Burnt Forest na Jina la Kamau

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza na harufu ya maziwa yaliyochacha. Nilikuwa fundi wa kompyuta hapa Eldoret, msichana ambaye wateja wakimwona walikuwa wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Aliyenifunza kazi ni Mzee Barasa, mwenye karakana ya kutengeneza redio na kompyuta, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Asubuhi hiyo tuliitwa Burnt Forest. Ushirika wa wafugaji ulikuwa na mtambo wa kupoza maziwa, na mtambo ulikuwa umekataa.

Tulipofika, maziwa yalikuwa yanamwagwa mtaroni. Sijui kama umewahi kumwona mama aliyeamka na baridi ya huko kwenda kukamua, sasa amesimama akitazama jasho lake likienda na maji machafu. Halii. Anatazama tu. Uani watu walikuwa wengi, na ukimya wao haukuwa wa heri.

Kompyuta ya pale, kuukuu lakini ngumu, ndiyo iliyosoma joto la matangi. Joto likipanda, inawasha mashine ya baridi. Kijana aliyeitunza aliitwa Kamau. Jana yake alikuwa ameizima, akaifungua, akapangusa vumbi, akaiwasha tena. Skrini ilipoonyesha kipimo cha joto kama kawaida, alifunga mlango akaenda nyumbani. Kumbe kile kipimo kilikuwa cha zamani, kimeganda pale hakisogei. Mashine ya baridi haikuwaka. Kulipokucha, matangi yote yalikuwa yameharibika.

Sasa umjue Kamau, ndipo uelewe uzito wa jambo lenyewe. Nyumba ya mama yake ilichomwa wakati wa zile fujo za baada ya kura. Walikimbia, wakaishi kwenye hema, kisha wakarudi shambani kwao wakati wengi waliokimbia nao walikuwa bado wanaogopa. Ushirika ukampa kazi. Haikuwa kazi ya kawaida tu, mwanangu. Jamii mbili zilizokuwa zimefukuzana zilikuwa zimekubali kumimina maziwa kwenye matangi yale yale, na funguo za nyumba ya matangi zilikuwa mfukoni mwa Kamau.

“Ni yeye aliigusa mwisho,” mwenyekiti wa ushirika alituambia. Alikuwa mzee mrefu, kofia haimtoki kichwani. “Nani mwingine?”

“Mimi nilipangusa vumbi tu,” Kamau akasema.

Uani mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Mwingine akajibu, “Bado anakumbuka nyumba yao. Ametulipizia.”

Kamau alisikia. Aliweka funguo mezani polepole, akatoka. Watu walimpisha njia kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Kabla ya saa sita tulisikia amemchukua mama yake na wamepanda gari kwenda mtaa wa Huruma hapa mjini, kwa ndugu yao aliyepanga chumba. Usishangae. Mtu aliyewahi kufukuzwa hangoji kuambiwa mara ya pili.

Sisi tulifungua kompyuta. Ndani mlikuwa na kadi moja ya zamani, kibao cha nyaya kirefu kama rula, ndiyo iliyounganisha kompyuta na matangi. Ilikaa imara mahali pake. Hakuna waya uliochomolewa, hakuna kilichovunjika. Lakini kompyuta ilikuwa haiioni kabisa.

Niruhusu nikueleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu mama inayozungumza na vyuma, nayo twaiita kerneli. Kadi huchomekwa kwenye njia ya ndani ambayo sisi mafundi twaiita basi, kwa sababu ndiyo inayobeba habari kutoka kadi hadi kerneli. Mashine ile ilikuwa na basi mbili, moja mpya iitwayo PCI, nyingine kongwe iitwayo ISA. Kadi za basi mpya, kerneli ikipiga hodi, hujitaja zenyewe: mimi ni fulani, kazi yangu ni hii. Kadi kongwe kama ile haikuwa na tabia hiyo. Hukaa kimya mpaka kerneli iambiwe kwamba basi yake ipo, kisha ielekezwe anwani. Ndiyo maana anayetayarisha kerneli huulizwa mapema: je, basi hii unaitaka? Akijibu hapana, hata majina ya kadi zake hayatokei kwenye menyu, ile orodha ya kuchagulia.

Nami niliitafuta ile kadi kwenye menyu, nikakosa jina lake.

“Mzee, kerneli hii haiijui hii kadi,” nikasema. “Labda imeungua.”

“Mlango ukifungwa utamwona aliye ndani?” Mzee Barasa akaniuliza. “Rudi nyuma. Anzia kwa basi.”

Nikarudi nyuma, na kweli basi ya ISA ilikuwa imekataliwa. Nilipoikubali, majina yakamwagika kwenye skrini, na letu likiwemo. Hapo nikatazama tarehe ya kerneli yenyewe. Iliwekwa wiki iliyotangulia, na aliyeiweka, kwa jina lililoandikwa pale pale, ni Kiprono, mwanafunzi wa chuo kule Kesses, mtoto wa dada ya mwenyekiti. Mjomba wake alikuwa amemwita aifanye kompyuta iende haraka. Kijana akaondoa kila alichokiona cha kale. Lakini kerneli mpya haianzi kazi mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa, na tangu wiki hiyo hakuna aliyeizima. Wa kwanza kuizima alikuwa Kamau na kitambaa chake cha vumbi.

Nilitayarisha kerneli nyingine, nikaielekeza anwani ya kadi. Kompyuta ile ilijikongoja tukanywa chupa nzima ya chai. Alasiri tukaiwasha. Mashine ya baridi ikanguruma, na uani watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Asante, msichana wetu. Mambo yameisha.”

Nami niliona yameisha. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

“Chebet, umemaliza?” Mzee Barasa akauliza. Alikuwa hajainuka kwenye kiti.

“Ndiyo, Mzee. Inafanya kazi.”

“Na Kamau?”

“Si watajua tu? Wataona mashine iko sawa.”

“Watajua nini?” Alinitazama mpaka nikashusha macho. “Watajua Kamau aliharibu, Chebet akatengeneza. Hiyo ndiyo hadithi unawaachia.”

Mwanangu, neno lile lilinichoma kuliko chuma cha kulehemu. Nilimjibu kwa sauti ya chini kwamba nikisema ni kerneli ya Kiprono, watu watamgeukia yeye, na mwenyekiti ataaibika, na mimi ni wa jamii yao, nitaonekanaje?

“Nimekuambia useme ukweli,” akasema. “Sijakuambia utafute mwingine wa kuchomwa. Enda umwone huyo kijana kwanza.”

Kesho yake nikaenda Kesses. Nilimkuta Kiprono kwenye chumba chake cha kupanga, sufuria ya maharagwe jikoni, na nilipomweleza, aliketi kitandani.

“Lakini hakuna mtu anatumia ISA siku hizi,” akasema. Kisha, “Uncle ataniua.”

“Hatakuua. Lakini Kamau na mama yake wamehama.”

Hilo hakuwa amelisikia. Maharagwe yakaanza kuungua, wala hakuyakumbuka. Nikamwambia, “Siku ya soko kuna mkutano wa wanachama. Mimi nitaeleza kilichotokea, jina lako sitalitaja. Yaliyobaki ni yako.”

Siku ya soko ukumbi wa ushirika ulijaa hadi madirishani. Nilijua maneno ya kerneli na basi hayatawasaidia, kwa hivyo nilifungua mlango wa chumba cha mtambo kilichopakana na ukumbi, wote wasikie. Nikaiwasha kompyuta kwa ile kerneli ya kwanza. Skrini ikaja, kipimo cha joto kikaonekana, na mashine ya baridi ikakaa kimya kama jiwe. Nikaizima. Nikaiwasha kwa kerneli ya pili. Ikanguruma.

“Hii kadi sijaigusa hata kwa kidole,” nikawaambia. “Ilikuwa nzima siku ile, ni nzima leo. Kompyuta ilikuwa imeambiwa isiitafute. Kamau aliizima na kuiwasha tu. Angeizima mwenyekiti, yangetokea hayo hayo. Ningeizima mimi, hayo hayo.”

Minong'ono ikapita ukumbini. Kisha sauti ikauliza, “Sasa nani aliiambia isiitafute?”

Nilikuwa nimeahidi kutolitaja jina. Nyuma ya ukumbi kiti kikasogea.

“Ni mimi,” Kiprono akasema. Alikuwa amesimama. “Nilitaka iende mbio. Sikuuliza ndani kuna kadi gani. Kamau hana makosa.”

Mwenyekiti aliinama akatazama mikono yake. Nilingoja kelele, nikangoja matusi. Badala yake mama mmoja wa makamo, mmoja wa wale niliowaona mtaroni, akauliza tu, “Na nani ataenda kumwambia Kamau?”

Mwenyekiti akainuka. “Nitaenda mimi.”

Tulikwenda naye, mimi na Mzee Barasa. Huruma unaijua, vyumba vimebanana na nyundo za mafundi wa jua kali hazinyamazi. Mama yake Kamau alikuwa ameketi juu ya gunia la vitu ambalo hata halikuwa limefunguliwa. Mwenyekiti alisimama mlangoni, akaivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona mvi zake.

“Kamau, tumekukosea,” akasema. “Haikuwa wewe.”

Kamau hakuinuka. “Nilisema nilipangusa vumbi tu.”

“Ulisema.”

“Hakuna mtu aliniuliza lingine.”

Mzee yule hakujitetea, na namheshimu hadi leo kwa hilo. Mama yake Kamau ndiye aliyefuata kusema. “Ng'ombe wangu,” akauliza, “anakamuliwa na nani?”

“Mke wangu,” mwenyekiti akasema. “Asubuhi na jioni, tangu siku mliyoondoka. Hakuniuliza ruhusa.”

Yule mama akajifunika uso kwa leso. Kisha akamwambia Kamau, “Mpatie mzee kiti.”

Yule mama alirudi shambani kwake wiki hiyo, na mwenyekiti akaitisha watu sokoni akasema mbele yao alichokisema mlangoni. Kamau hakuirudia kazi. Aliombwa, akashukuru, akakataa. Jeraha hupona na kovu likabaki, kwa hilo sikumlaumu. Alifungua kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na chuo, na Kiprono ndiye aliyekuwa akimpelekea wanafunzi wenzake. Lakini kila siku ya soko Kamau alipita Burnt Forest kumwona mama yake, anatembea katikati ya barabara, anasalimia na kusalimiwa.

Sasa nisikilize, wewe unayejifunza kazi hii ya vyuma na programu. Usiondoe kitu kwa sababu tu ni cha kale na hujui kazi yake. Uliza kwanza kinamhudumia nani. Na kitu kikikosa kujibu, usiseme kimekufa kabla hujaangalia kama kuna aliyekiita. Hayo ni ya kazi.

La maisha ni zito zaidi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi nimeishi nikaona lipo midomoni, na mara nyingine haliko kwingine kokote. Watu wakikuonyesha mkosaji kabla ya kukuonyesha kosa, kaa chini, vuta pumzi, anza upya. Ukigundua ukweli unaomsafisha mtu, usiufungie ndani ya sanduku lako la vifaa. Alisingiziwa mbele ya watu. Msafishe mbele ya watu. Na ukiwa wewe ndiwe Kiprono, inuka kwenye kiti hata kama ukumbi wote unakutazama. Ile aibu ni ya siku moja. Kukaa kimya utazeeka nako.

Mungu akujalie mikono yenye ustadi na sikio lenye subira, mwanangu. Akupe mwalimu asiyeinuka kitini mpaka kazi iishe kweli. Jina lako lisichezewe, na la mwenzako lisipotee mikononi mwako. Nenda kwa amani.