Engineer alifuta tolerance kwenye mchoro wangu, majani ya Kiptere yakaishia kuwa mbolea

Wakuu, poleni na kazi. Haya niliyaona mwenyewe, na mwenzangu wa zamu yuko humu. Nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha chai huku Kericho. Shafti ya mashine ya kusaga majani ilikatika, nikachora nyingine.

Mahali pa kukaa bearing niliandika milimita 60, isipungue 60.002, isizidi 60.021. Mipaka hiyo miwili ndiyo tolerance. Shafti ikipungua, bearing inateleza juu yake na kushika moto.

Mkubwa wetu, ambaye haitiki mpaka umwite Engineer, aliushika mchoro kama mtu aliyepewa ugali bila mboga.

"Hizi mikia zote ni za nini? Sitini ni sitini."

Akachora upya kwa mkono wake. 60 peke yake. Akapiga na muhuri.

Sasa huku kwetu kuna desturi: kazi haitoki karakana bila kupigwa msasa mpaka ing'ae. Mteja asipojiona kwenye chuma, anasema umelipua kazi. Fundi wa karakana iliyoichonga akasugua, na mchoro haukumwambia aachie wapi.

Ilipofika nikapima: 59.91. Bearing iliingia kama kofia.

Nikamwambia Engineer imelegea, tuirudishe ijazwe chuma na ikerezwe upya, kesho asubuhi iko tayari. Yeye alikuwa anajitazama kwenye shafti, anarekebisha tai.

"Umewahi kuona shafti safi hivi? Funga."

Nikafunga.

Majani ya wakulima wa Kiptere yalikuwa yamejaa kwenye vitanda vya kunyaushia, ya mama yangu yakiwemo. Ilikuwa yasagwe kabla ya kesho yake jioni au yaharibike.

Mashine ilizunguka chini ya saa moja. Moshi, kelele, kimya: bearing imeungua, shafti imeharibika. Kufikia jioni ya pili majani yalikuwa yameanza kuoza, moto ukiyagusa. Yakamwagwa shambani.

Engineer naye akaandika barua, ikabandikwa kwenye kituo cha kupimia majani: wakulima wa Kiptere wachume majani bora.

Mama akanipigia. "Majani yangu ilikuwa na shida gani?"

Nikamwambia hayakuwa na shida yoyote, ni mashine.

"Basi mbona barua ni yetu?"

Kipimo changu nilikisema kwa mdomo tu, na mdomo hauna muhuri.

Wakuu, namba isiyo na mipaka kila mtu huiwekea wake. Na ukipima ukapata kosa, liandike, weka sahihi, ndipo ushike spana.

Walio viwandani, kwenu mchoro unafutwa na nani?