Mguu wa Farasi wa Meneja

Harufu ya asali iliyochanganyika na dawa ya zambarau hainipi utulivu hadi leo. Juzi tu mtoto wa jirani aliungua mkono, bibi yake akampaka asali juu ya ile dawa, na mimi nikajikuta nimesimama mlangoni kwangu, sijui naenda wapi, mikono inatafuta beseni. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa kwenye kambi ya mkonge upande wa Makuyuni, huku Korogwe. Shamba lilikuwa la serikali, likafa pole pole. Korona, ile mashine ya kusaga mkonge, ikanyamaza. Zahanati ikafungwa, na mama yangu, aliyekuwa nesi pale, akapunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Halafu tukasikia shamba limeuzwa. Meneja mpya akaja na gari lake, na nyuma yake lori, na ndani ya lori farasi. Sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuona farasi. Mmoja wetu alisema huyo ni punda aliyesoma, tukakubaliana naye, tukawa tunamwamkia shikamoo kila akipita. Akitikisa kichwa tunasema kaitikia marahaba.

Siku hizo kambi haikuwa na raha. Lori likinguruma barabarani, watu wote nje: labda ndiyo majina ya watakaobaki yameletwa. Kuna waliokwisha kufunga vyombo kwenye magunia, wakawa wanafungua asubuhi kutoa sufuria, jioni wanafunga tena. Mama naye alizunguka ndani ya chumba chetu kama aliyedondosha sindano.

Siku korona ilipojaribiwa tena baada ya miaka ya ukimya, ule mlio ulimtia farasi wazimu. Alikimbia akaingia moja kwa moja kwenye seng'enge. Walipomtoa, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umechanika toka juu hadi karibu na kwato, nyama inaning'inia, mfupa unaonekana. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akamchoma sindano, akasema ukweli wake: ng'ombe anawajua, farasi hapana. Kidonda kioshwe asubuhi na jioni, na kikianza kuoza, mnyama apigwe risasi asiteseke.

Kesho yake alfajiri mama alikwenda kwa meneja, mimi nyuma yake.

"Nitamtibu," alisema. "Ila nipe ufunguo wa zahanati. Vifaa vimo humo."

Meneja akautoa mfukoni.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mzee Kilusu, mfugaji wa Kang'ata, kule Handeni, aliyeajiriwa kumtunza farasi, alimshika kichwa na kumsemesha Kimaasai. Mama alichuchumaa mguuni. Mimi nilibeba beseni la maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha asali aliyoileta Mzee Kilusu kutoka kwao, kisha ile dawa ya zambarau ya zahanati, kisha bendeji. Farasi hakusimama vizuri hata dakika moja. Alipepesuka, alipiga mkia, ngozi yake ilitetemeka kama maji. Siku ya tatu alirusha teke, beseni likapaa likagonga bati. Mama alisema tu, "Kachote mengine."

Nilimpenda yule farasi kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila kuona aibu. Darasani nilikuwa nakaa upande upande, nangoja kengele. Kila Jumapili nilipima upana wa kidonda kwa njiti ya kiberiti na kuivunja pale kilipoishia, na njiti zilizidi kuwa fupi. Ndiyo maana niliona mapema kwamba bendeji zinapungua. Mwanzo mama aliuzungushia mguu mara nyingi, baadaye mara mbili tu. Boksi lilikuwa limejaa, sasa nagusa chini yake.

Siku moja nikapita nyumba ya Baba Hiza, mkata mkonge aliyejikata panga mguuni, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa haonekani nje mchana. Alikuwa kakaa kizingitini, mguu kaunyoosha juani. Bendeji ilikuwa nyeupe, imefungwa kwa fundo la mama yangu. Nilimwamkia vizuri, akanibariki. Nikaondoka nimevimba kwa hasira.

Jioni meneja akaja bandani.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" aliniuliza mimi.

"Angepona mapema," nikamjibu, "ila bendeji zake anafungwa Baba Hiza."

Mzee Kilusu aliacha kusema na farasi. Mama alikuwa na mikono ndani ya beseni, hakuinua uso.

"Ni kweli, nesi?"

"Ni kweli."

"Vile vitu nilikupa kwa ajili ya farasi."

"Ulinipa ufunguo wa zahanati," mama akasema. "Na yule ni mkata mkonge wako."

Meneja akanyoosha mkono. Mama akajifuta maji kwenye khanga, akampa ufunguo. Kuanzia kesho yake bendeji alizitunza Mzee Kilusu, akitugawia moja moja huku akitazama pembeni.

Sikupigwa. Nilingoja fimbo nyumbani, haikuja. Niliporudi kutoka shule siku iliyofuata nilikuta sufuria kubwa jikoni inachemka, ndani yake vipande virefu vya kitambaa cheupe. Nikavijua kwa mishono. Ilikuwa sare ya mama ya unesi, ile aliyoipiga pasi kila wiki na kuitundika nyuma ya mlango tangu zahanati ifungwe. Aliichana yote, hadi mikono. Akavianika vile vipande, akavikunja, akaenda navyo kwa Baba Hiza.

Farasi alipona. Baada ya miezi miwili alikimbia uwanjani, anachechemea kidogo, na kambi nzima ikapiga makofi, hata waliokuwa hawampendi. Baba Hiza naye alipona. Alipoteza vidole viwili vya mguu, lakini alitembea. Majina yalipobandikwa, la mama halikuwepo. Tukahamia Kwamndolwa, akawa analima na kuchoma sindano watoto wa majirani.

Miaka mingi mambo yale hatukuyagusa. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipopata ujasiri wa kumwomba mama radhi. Tulikuwa tunachambua mchicha. Aliniacha nimalize, akasema, "Baba Hiza alikuja kwetu usiku wa ile siku farasi alipoumia, wewe umelala. Mguu ulikuwa unanuka. Na bila farasi, ufunguo wa zahanati ningeupata wapi?"

Nikamwuliza kama hakumwonea farasi huruma hata kidogo.

"Nilimwonea baadaye," alisema. "Mwanzoni nilikuwa namwogopa sana. Ningepigwa teke la kichwa, wewe ungebaki na nani? Kila asubuhi nilitapika kabla hujaamka."

Nilisimama bega kwa bega naye siku zote zile, nikitazama kidonda. Uso wake sikuutazama.