Springi za Mgeni

Barafu ilimwagika mchangani, na mjomba wangu, akiwa amelala chali, akaniambia nichukue kipande nikiweke kwenye mguu wake.

"Weka, abti."

"Nimeshaweka."

"Wapi?"

"Kwenye goti."

"Basi weka mguu wa pili."

Nikaweka mguu wa pili. Nilikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, maana wa kushoto ulikuwa umeng'oka begani, na haukupona tena. Boksi la chanjo za mbuzi lilikuwa limepasuka, pikipiki imelala ng'ambo ya laga, ule mto mkavu tuliokuwa tunauvuka, na barafu yote ya safari inakwisha hivi hivi tukiiona. Nilimwekea mpaka suruali ikaloa. Kila mara aliuliza kama nimeshaweka. Mara ya mwisho nikamwambia bado, abti, natafuta kipande kikubwa. Kilikuwa tayari juu ya mguu wake.

Huyo alikuwa kaka wa mama yangu. Kwetu mjomba ni abti, na yeye pia humwita mpwa wake abti. Neno ni moja, linakwenda na kurudi. Tangu afariki linakwenda tu. Nikilisema peke yangu gerejini hakuna wa kulirudisha.

Alikuwa mtu mkubwa, mashallah. Mkubwa wa mwili wote, mabega, tumbo, shingo. Miaka ya tisini, Somalia ilipovunjika na watu wakawa wanamiminika mpakani na mifugo yao, yeye alikuwa anapeleka chanjo kwa wafugaji kwa pikipiki ya mradi mmoja wa mifugo. Mimi niliacha shule darasa la nne, nikajifunza spana, nikawa na gereji yangu ndogo mtaani Iftin, Garissa. Safari za mbali alinichukua nyuma yake, nimtengenezee pikipiki ikiharibika njiani. Hizo ndizo siku ninazozitaka zirudi. Nikikaa nyuma yake sikuona barabara. Niliona shati lake tu, na shati lilinuka ubani ambao shangazi, mkewe, alifukizia nguo kila Alhamisi. Vumbi lote lilimpiga yeye. Akifika mahali pa mchanga mwingi aliiimbia pikipiki ule wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani, polepole, kwa sauti ya puani, na ikitoka salama aliipigapiga tangi akaiambia ahsante. Nilimcheka. Leo ningetoa huu mkono unaobaki nimsikie anaimba vibaya vile.

Shida ilikuwa huku nyuma. Mradi ulipoleta pikipiki mpya alikwenda kuchukua yake stoo, nami nikamfuata. Alipoikalia, nyuma ilishuka mpaka madigadi ikakaribia tairi. Karani wa stoo alikuwa kijana aliyetoka Kenya, kama tulivyosema wakati ule, kana kwamba ukivuka daraja la Tana kuja Garissa umeingia nchi nyingine. Akapiga kelele watu wote wasikie:

"Mzee, umeipigisha magoti kama ngamia!"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka. "Ngamia akipiga magoti huinuka na mzigo wake. Hii yako itainuka?"

"Punguza wali, itainuka."

Akacheka tena, lakini nilimwona masikio. Yalikuwa mekundu.

Nikamwambia karani kwamba dawa ipo. Mtu mzito anahitaji springi nzito, na ndani ya shokamzoba mafuta mazito zaidi, ili springi ikirudi isirudi kwa kishindo. Akanipa fomu ya kuagizia. Mstari mmoja ulisema: uzito wa dereva.

Mizani ya kumbeba mjomba ilikuwa moja, ya mfanyabiashara wa ngozi, pale sokoni. Akakataa. "Mimi si ngozi, abti, na wale watu wote wana macho." Kwetu mwili wa mtu hautajwi ovyo. Ukimsifu unene bila kumtaja Mungu umemtupia jicho. Basi nikafunga geti la gereji, nikalaza ubao mrefu juu ya pipa, yeye akakaa upande huu na upande ule nikaweka magunia ya sukari iliyovushwa mpakani, ya kilo hamsini hamsini. Mawili hayakumwinua. Nikaongeza pakiti za unga wa kilo mbili, moja moja, na kila nikiweka nasema mashallah, naye anacheka mpaka ubao unayumba, ananiambia niharakishe kabla shangazi yako hajataka unga wake. Pakiti ya kumi na tatu ndiyo iliyomwinua. Kilo mia na ishirini na sita. Miguu yake ilining'inia hewani, viatu vikubwa vile, anapepesa macho kama mtoto kwenye bembea. Nikikumbuka uso wake, huwa ni huo.

Niliposhika kalamu akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Andika tisini."

"Abti, springi itakuja ya mtu wa tisini."

"Karatasi hii itapita kwa yule kijana. Ataisoma kwa sauti. Andika tisini, springi wewe utaikaza."

Ningefanya nini? Mjomba wangu, mkubwa wangu. Nikaandika tisini. Hilo ni langu na sijamsukumia mtu.

Katoni ilipofika ilikuwa na jozi mbili. Moja ya mjomba, ya kilo tisini. Nyingine nene, ina doa la rangi ya buluu, na karatasi yake ilisema ni ya mtu wa kilo mia na ishirini na kuendelea. Nikauliza hizi za nani.

"Za mgeni," karani akasema. "Kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka makao makuu. Mkubwa wa cheo na mkubwa wa mwili." Akaiweka juu ya rafu.

Nikafunga zile za tisini. Fundi aliyenifundisha alinipa kanuni moja: inua pikipiki, tairi la nyuma lisiguse chini, pima toka ekseli mpaka nati ya chini ya kiti. Halafu mwenyewe akalie na mzigo wake wote, upime tena. Ikizama theluthi ya mwendo wake, iko sawa. Nilimkalisha mjomba na boksi la chanjo lililojaa. Springi ina mwendo wa inchi nne. Ilizama karibu tatu, kwenye saruji tupu, hata hajasogea. Ikifika shimoni ingebaki na nini?

Nikaenda kwa mkubwa wa mradi na utepe wa kupimia mkononi. Nikamweleza yote, kwamba uzito niliouandika si wa kweli na wa kweli ni huu, kwamba springi zinazomfaa ziko rafuni, siku moja tu nitakuwa nimezifunga. Akatoka mwenyewe, akamwona mjomba amekaa, akaona nyuma imeshuka. Hakuna aliyemficha kitu.

"Hiyo ni ya mgeni. Kaza hii."

Pete ya kukazia ina meno matano. Nikamwambia ukikaza mpaka la tano pikipiki itasimama juu, itapendeza macho, lakini springi laini inabaki laini. Itafika mwisho vilevile, na ikirudi itamrusha mtu, kwa sababu mafuta ya ndani hayataweza kuishika.

Akarudi mezani kwake, akaniangalia. "Wewe ulisomea wapi?"

Darasa la nne nitalisemaje mbele ya meza ile? Akaandika kwenye kitabu cha magari: imekaguliwa, inafaa. Akatia sahihi. Nami nikaenda nikakaza mpaka jino la tano. Mbuzi walikuwa wanakufa upande wa Diff, kule mpakani, na mjomba alikuwa ameshaahidi kufika.

Siku ya pili ya safari, Diff karibu, tuliingia ile laga. Ukingo wa kushuka ulikuwa umekatika. Nilisikia chuma kimegonga chuma chini yangu, springi imefika mwisho, halafu ikatutupa. Mjomba aliangukia mgongo kwenye mzizi wa mgunga.

Wanawake wa wafugaji walivunja nyumba yao, aqal nzima, wakatoa mikeka na vijiti wakamtengenezea kitanda. Tulirudi Garissa ndani ya lori la ng'ombe. Njiani akaniambia, "Yule kijana wa stoo asijue nimepanda hili." Nikaapa hatajua.

Aliishi miaka minane kwenye mkeka, Iftin, dirishani. Pikipiki ikipita aliniambia ni ya aina gani na nini kimelegea. Mwili ukaisha kidogo kidogo. Kabla ya mwisho akajiangalia mikono, akasema, "Abti, leta ile springi yako. Nadhani sasa nimefika tisini." Tulicheka. Nikatoka nje nikakaa kwenye lile pipa, sikurudi ndani mpaka adhana. Tulimpeleka makaburini watu wanne na hakuna aliyeomba kupokewa jeneza.

Mradi ulipofungwa walitoa vitu stoo wakavipanga uwanjani. Nilikwenda. Jozi yenye doa la buluu ilikuwa pale, bado ina karatasi yake, kamba haijaguswa. Mgeni hakuja. Sijamwona mtu wa Garissa aliyemwona.

Uongo wa tisini nimeshaujibu mimi. Nimeujibu kwa shangazi na kwa mama, na naujibu kila nikishika spana kwa mkono huu mmoja. Wewe karani uliyeshika ufunguo, na wewe mkubwa uliyeona kwa macho yako ukaandika inafaa, mko hai, nasikia mmestaafu vizuri. Mimi niko Iftin, gereji ni ileile. Njooni mniambie huyo mgeni alikuwa nani, na alikuwa na uzito gani hata mjomba wangu asitoshe kukalia springi zake.