Aya ya Nyumba ya Pili

Kaka yangu wa nyumba kubwa, yaani ya mke wa kwanza wa baba, ana saiba Homa Bay, duka la kompyuta na intaneti, na kazi inayomlisha ni vijitabu vya mazishi. Mtu akifa, jamaa huandika wasifu wake kwa pamoja, kila mmoja kwa simu yake huko aliko, kisha yeye hupanga na kuchapisha. Programu wanayoandikia, ile inayofunguka kwenye mtandao, niliitengeneza mimi nikiwa Rongo. Aliniomba kama kaka nami nikafanya kama dada. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na nalisema hilo nikiwa na hasira.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Kibodi za simu zilijifanya zinajua Dholuo: ukiandika jina la ukoo linajirudia, na kishale kinaruka hadi mwanzo wa mstari kama mbuzi aliyekata kamba. Kuhamisha aya ndiko kulikokuwa balaa zaidi. Na lazima zihamishwe, maana kwetu wasifu una mpangilio wake: nyumba ya mke wa kwanza hutangulia, ya pili ikafuata, lakini watu huandika bila kungojana. Ukiigusa aya ili uiburute, simu inadhani unataka kunakili maneno. Kidole kikiteleza, aya imekwenda.

"Nyaminwa, imemeza wajukuu wa marehemu tena," kaka alikuwa akinipigia simu. Nyaminwa kwa Dholuo ni dada yetu, na ndivyo anavyoniita. "Wenyewe wako hapa kwa mlango, wananiangalia vibaya."

Nilicheka, kisha nikaketi kuirekebisha. Niliizuia programu isiguse neno kabla kibodi haijamaliza kuliunda, na maneno yakaacha kujirudia. Nikafanya ukibonyeza aya na kungoja kidogo, inainuka, na ukiiburuta zingine zinasogea kuipisha. Ukiiachilia mahali pasipofaa, inarudi ilikotoka. Kuiondoa kabisa ni mpaka uiburute hadi kwenye pipa la takataka chini ya ukurasa, na hapo unaulizwa: Una hakika unataka kuiondoa? Usipobonyeza Ndiyo, haitoki. Kaka aliijaribu mbele yangu pale dukani, akairusha aya huku na huku na kuiachilia ovyo, kila mara ikarudi mahali pake. Akasema sasa hata mtu anayelia anaweza kupanga wasifu. Sifa hiyo niliibeba moyoni hadi Rongo.

Baba alipofariki kwetu Karungu, mama yangu alinikalisha jikoni kwake. Yeye ni nyachira, mke wa pili, na ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho. "Andika nilimwosha kwa mikono yangu," akasema. "Andika alikuwa anakula kwangu tu." Nikaandika kama alivyosema, nikatia picha yake ya kitambaa cha buluu, nikaiona aya imekaa mahali pake chini ya nyumba kubwa. Kaka akaniambia nisihangaike, atachapisha mwenyewe.

Siku ya mazishi vijitabu viligawiwa. Mama hasomi upesi, kwa hiyo alikuwa anatafuta picha. Alifika jalada la mwisho, akaanza upya.

"Nyara," akaniuliza, kama anavyoniita siku zote, binti yangu, "mimi niko wapi?"

Nilichukua kijitabu. Mama mkubwa, mke wa kwanza, alikuwepo. Sisi watoto tulikuwepo, sote kwenye aya moja. Kati yake na sisi hapakuwa na mtu, wala hapakuwa na pengo, kwa sababu aya ikitoka zingine hupanda kujaza nafasi. Nilivyoitengeneza ndivyo hivyo. Askofu alikuwa ameketi mbele, na kaka, ambaye majuzi tu aliingizwa kwenye kamati ya kanisa, alikuwa amevaa suti mpya akiwapangia viti wageni wake. Huko kanisani baba alijulikana kuwa na mke mmoja tu.

Nilimfuata nyuma ya hema la wapishi.

"Hiyo system yako iliruka," akasema kabla sijafungua kinywa. "Ilimeza tu, unajua vile inafanyanga. Wacha tuzike mzee kwanza." Akanipigapiga begani.

Moyo uliniuma kuliko nilipoambiwa baba amekwisha. Haifanyangi hivyo. Ilikuwa imeacha kumeza watu, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Kidole kingeteleza, mama angerudi mahali pake. Aliburutwa hadi kwenye pipa, swali langu likatokea, na kaka yangu akabonyeza Ndiyo.

Nilirudi kuketi. Mama aliuliza kaka amesema nini, au mashine ndiyo iliyomsahau. Wakati huo kwaya ilikuwa inasimama, na jeneza la baba lilikuwa mbele yetu. Nikamwambia ndiyo, ni mashine.

"Si ni ile yako?" akasema. Akakikunja kijitabu, akakitia mkobani. "Basi itengeneze, nyara."