Nusu Iliyobaki Kitale

Joy Nakhungu akikasirika hapigi kelele. Anaosha vitu. Mumewe alipooa mke wa pili bila kumwambia, alisugua kila sufuria ya nyumba ile mpaka masizi ya miaka yote yakatoka, kisha akafunga virago akaenda zake Kitale kutafuta kazi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Machi, mlinzi alipomkuta kwenye banda la kampuni ya madini iliyomwajiri akisugua mawe yaliyokwisha kuoshwa, alijua kuna mtu atakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Mawe yenyewe hayakuwa ya kuokotwa njiani. Mtambo uliyachimbua kutoka chini kabisa ya mashamba ya kijiji chao, ng'ambo ya Ndalu, yakaja yakiwa miche mirefu ya mviringo, unene wa mkono wa mtu, imelazwa ndani ya masanduku. Kazi ya Nakhungu ilikuwa kuipasua kwa msumeno, kila mche katikati kwa urefu wake. Nusu inakwenda maabara kupimwa. Nusu inabaki kwenye sanduku iwe shahidi, ili mwenye shaka aje aangalie.

Mwanajiolojia Mbugua ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha vizuri, hilo hatumnyimi. Alimweleza kwamba zamani sana, kabla hata Mlima Elgon haujatema moto, maji yanayochemka yalipanda kutoka chini kupitia nyufa za mwamba mweusi, yakapoa humo na kuacha mishipa ya jiwe jeupe. Ndani ya mishipa ndimo ilimo shaba, inang'aa manjano, na wengi wakiiona hudhani ndiyo dhahabu. Dhahabu yenyewe imejificha humo humo pamoja na shaba, punje ndogo ambazo jicho halizioni. Nje ya mshipa ni mwamba tu. Ndiyo maana, alisema Mbugua, kabla ya kukata lazima uuzungushe mche mpaka mshipa ugawike sawa kwa sawa. "Ukipendelea upande mmoja, Joy, umedanganya dunia."

Sasa Nakhungu alikuwa ametoka matangani. Alimzika baba yake, akakaa nyumbani mpaka waliofiwa wakanyolewa, kama ilivyo desturi, na kutawanyika, akarudi na kukuta kibarua mwingine amekata masanduku yote mapya. Alifungua la kwanza. Mwamba mweusi. La pili vile vile. Kila nusu iliyobaki ilikuwa tupu, na ukingoni mwa uso uliokatwa palionekana weupe mwembamba kama ukucha, mahali mshipa ulipoondoka na nusu ya pili. Shaba yote ilikuwa imepelekwa maabara. Kwa vipimo hivyo, shamba la mama yake lilikuwa mgodi wa ajabu.

"Nani alisema yakatwe hivi?" alimuuliza Mbugua alipoingia na kikombe chake cha chai.

"Joy, wacha siasa. Kampuni inatafuta mnunuzi. Akishanunua, sisi hao, tunaenda."

"Na watu wetu? Si mliwaambia watahamishwa?"

"Tulisema mazao yatakayopandwa baada ya Krismasi hayatalipwa fidia. Kuna mtu alikatazwa kulima?"

Wahenga wanasema hasira ni hasara. Hawakumjua Mbugua. Kijiji kizima kilikuwa kimeyaachia magugu mashamba, maana nani avunjike mgongo kwa mahindi yasiyohesabiwa, na mvua ilikwisha kuanza. Kule mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka. Mvua hiyo ikipita hujapanda, utakula nini? Mawe? Nakhungu alichukua nusu moja ya mche, akaifunga kwenye leso, akapita mbele ya Mbugua bila kuaga.

Alifika nyumbani kwa boda boda, matope mpaka magotini. Mama yake, Mayi kama wanavyomwita pale, alikuwa amekaa barazani na Papa Wabwile, ndugu mdogo wa marehemu. Nakhungu hakusalimia. Aliliweka jiwe juu ya meza, uso uliokatwa ukiwa juu.

"Angalieni. Hii ndiyo dhahabu yenu. Wanauza uongo halafu waende, na nyinyi mbaki na njaa. Mayi, panda sasa."

Papa Wabwile aliligeuzageuza. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuhama, na tangu apewe kofia ya kampuni haivui hata akila. "Wewe msichana, umereta jiwe moja, unataka tuamini ati kampuni mzima ni warongo? Pengine unataka watu watoke kwa hiyo maneno, dhahabu uchimbe na mabwana zako wa Kitale."

"Papa, mimi ndiye hukata hayo mawe!"

"Kata basi. Na hata kama ni kweri, tutarima na nini? Maksai nimepereka soko ya Chwele, nimeuza."

Mayi aligeuka polepole kumtazama. Maksai wale walikuwa wa marehemu. Wabwile alikabidhiwa awatunze, mbele ya ukoo mzima, siku vitu vya marehemu vilipogawanywa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wa kale, na huyu alikuwa ameuza mbacha wa mwenzake. Nakhungu aliingia jikoni akaanza kuosha vikombe. Alivisugua huku akilia kwa hasira. Alimkasirikia Mbugua aliyejua, akamkasirikia Wabwile asiyetaka kujua, na akamkasirikia hata baba yake kwa kufa wakati kama ule.

 Mayi ni mwanamke ambaye tangu atoke mafunzo ya kilimo Mabanga hajawahi kuikosa mvua ya kwanza, isipokuwa mwaka huu, kwa sababu wenye kofia walimwambia angoje. Mbegu zilikuwepo chini ya kitanda, zimetiwa dawa, hata kuku huwezi kuwapa. Alikwenda nyuma ya mlango akatoa majembe mawili yaliyoshika kutu.

"Muramwa, shamba yote hiyo, kwa jembe?" Wabwile alimwuliza shemeji yake.

 Mayi alilichukua lile jiwe kutoka mbele yake, akapitisha kidole pale msumeno ulipolikata likawa tambarare. Akalimwagia maji, akainama, akaanza kunolea jembe. Lilinoa vizuri.

"Nakhungu," aliita, "wacha hivyo vikombe. Kuja."